Ripoti Iliyofungia Njugu

Migosi, Jumapili jioni

Awuor, mama yangu,

Niliwaambia mgongo unaniuma, ndiyo sababu sikuja nanyi Manyatta kwa maombi ya kukuaga. Mgongo wangu ni mzima kabisa. Nilitaka nyumba iwe tupu nikuandikie, maana haya nimejaribu kuyasema kwa mdomo tangu Jumatano, na kila nikianza naishia kukuuliza kama umenunua betri za tochi. Umezinunua. Umeniambia mara tatu.

Mambo ya chandarua, ya joto la Lodwar unakoanza kazi, ya maji ya kunywa na ya wanaume wenye maneno matamu, mama yako ameyashughulikia vilivyo, na kesho atayarudia mpaka dereva apige honi. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu ukiwa na miaka tisa.

Jana ulipokuwa ukioga niliingia chumbani kwako kutafuta chaja yangu. Begi lilikuwa wazi kitandani. Juu ya nguo zako za kazini ulikuwa umeilaza ile ripoti ya mwaka niliyoiandika nilipokuwa shirikani, ile yenye jalada la rangi na uso wa mwanamke anayecheka akiwa ameshika karai la samaki. Umeivika hata nailoni isikunjike. Nilisimama pale nikiitazama kama mwizi aliyekutana na mwenye mali, nikasahau chaja, nikatoka.

Kisha mezani ukamwambia mama yako, "Kwa interview waliniuliza nitaandikaje annual report yao. Nikawaambia mimi nimelelewa na mtu wa ripoti. Hiyo ya Dad ndiyo nitafuata." Mama yako akanitazama kwa muda mrefu. Mimi nikaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Mwanangu, unaenda kuandika ripoti ya kwanza ya maisha yako, na kielelezo ulichobeba ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kumfanyia mtu. Sipendi kukuharibia safari. Lakini ukiondoka hujui, utamfanyia mama fulani wa Turkana kile nilichomfanyia Mama Brayo, na utakifanya kwa moyo mweupe ukidhani unamfuata baba yako.

Mama Brayo unamkumbuka. Nyar Seme, yaani binti wa kwao Seme, mjane, aliyekuwa akiishi Manyatta na kutembeza samaki nyumba kwa nyumba hapa Migosi. Kila Jumamosi akimaliza kuuza alikaa pale nje kwenye ngazi yetu akakusuka nywele. Ukisukwa na mtu mwingine ulikuwa unalia mpaka majirani wanachungulia, lakini kwake ulitulia tuli, kwa sababu alikutania kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Alikuita "mama mkwe", akisema Brayo wake atakuoa na mahari yatakuwa omena gunia moja. Ulikuwa unakasirika, halafu Jumamosi ikichelewa unaulizia.

Miaka ile shirika letu lilikuwa likiwapa wanawake wachuuzi mashua zao wenyewe ili waachane na jaboya. Wewe ni mtoto wa mjini lakini jaboya huhitaji kuelezwa sana: mvuvi hamuuzii mwanamke samaki mpaka awe mpenzi wake. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Ripoti ya miezi mitatu, ya nusu mwaka, na kubwa zao, ripoti ya mwaka, ile ya kwenda kwa wafadhili ikiwa na picha.

Mwaka mmoja mkurugenzi aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu, maana ufadhili ulikuwa unakaribia kuisha na mishahara yetu ilitoka humo.

"Omondi," akaniambia, "hawa watu wamechoka na table. Nataka story. Mtu moja. Alikuwa chini, sisi tukakuja, sasa ako juu. Na bwana, bila machozi hiyo kitu haiendi."

Ningepaswa kwenda ufuoni, kwa wanawake tuliowapa mashua. Ilikuwa msimu wa mvua, barabara ilikuwa tope, na gari la ofisi lilikuwa limechukuliwa na mhasibu. Mama Brayo alikuwa akija mlangoni pangu kila Jumamosi na alikuwa amehudhuria semina zetu. Basi nikamchagua yeye. Angalia jinsi jambo kubwa linavyoanza, mwanangu, kwa mtu kuogopa kuchafua viatu.

Nilimwendea chumbani kwake Manyatta, Alhamisi mchana. Alikuwa na kiti kimoja, cha mbao, chenye mgongo uliolegea. Akakipangusa kwa leso yake, akakipangusa tena, akasema, "Bed piny, Baba Awuor." Unajua kwetu mtu haelezi lililomleta akiwa amesimama mlangoni. Unaambiwa keti, unaketi, ndipo maneno yanaanza. Nikaketi. Yeye akapindua ndoo akaikalia.

Nikatoa fomu. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, na ilisema anakubali picha yake na habari zake zitumike popote duniani wakati wowote. Akaigeuza huku na huku.

"Hii ni ya nini?"

"Ni fomu tu. Ya kuonyesha tumeongea."

"Kama ile ya semina?"

"Eeh," nikasema. "Kama ile ya semina."

Na ya semina ndiyo ile wanawake wanatia sahihi wapewe soda na nauli. Akatia sahihi, akacheka, akaniuliza soda iko wapi. Nikamwambia iko njiani, nikacheka naye, nikampiga picha akiwa ameshika karai lake la samaki.

Alizungumza kwa saa nzima, na sehemu kubwa ya saa hiyo alizungumza kuhusu barafu. Kwamba samaki wanamharibikia kufikia saa tisa. Kwamba yeye na wenzake wanne wananunua sokoni kutoka kwa lori, hawamtegemei mvuvi yeyote, ila hawana pa kuweka masalio. Kwamba shirika letu lingeweza kuwapa friza moja tu kubwa, wangewekeana zamu. Nikiandika nilikuwa naitikia kwa kichwa, lakini moyoni nasema, barafu haina machozi. Ndipo nikamuuliza, kwa sauti ile ya upole tuliyofundishwa, kama yeye mwenyewe aliwahi kuguswa na jaboya.

Akaangalia mlangoni.

"Mara moja," akasema. "Mwaka ile baba yao alikufa. Brayo alikuwa mgonjwa na nyumba haina kitu. Nikaenda huko beach, nikarudi na samaki. Mara moja, Baba Awuor. Nikasema hapana, siwezi rudi, na sikurudi." Kisha akanielekezea kidole. "Hiyo nimekuambia kwa sababu wewe unakula kwangu na mimi nakula kwako. Hiyo si ya wazungu."

"Sawa," nikamwambia, na nikafunika kalamu mbele yake aone.

Nilivyoandika, unaweza kujisomea. Ukurasa wa saba. "Mara moja" ikawa "kwa miaka mingi". Lori la sokoni likatoweka, na wenzake wanne wakatoweka nalo. Mahali pao nikaiweka mashua yetu ikija kumwokoa. Mashua yenyewe wakati huo ilikuwa imepinduliwa ufuoni kule, injini imekufa tangu kabla ya Pasaka, kuku wanatagia chini yake. Nikaandika kwamba inaendelea kubadilisha maisha. Labda ya kuku.

Jina lake nililibadilisha. Nililiona hilo ni jambo la utu sana, nikajipongeza. Nikaandika "Mary", kisha pembeni kwa herufi ndogo, si jina lake halisi. Na kwenye jalada, ukubwa wa karatasi nzima, uso wake, pengo lake, karai lake la buluu ambalo Migosi yote inalijua. Mchora kurasa wa Nairobi ndiye aliyeichagua picha, lakini alinitumia kwanza niidhinishe. Nilimjibu kwamba imetoka vizuri. Manyatta nani anamjua mtu kwa jina la kwenye kitambulisho? Watu wanamjua kwa uso na kwa mtoto. Nilificha kisichojulikana nikaanika kinachojulikana, na sijui hadi leo kama ulikuwa upumbavu au nilijua nikajifanya sijui. Nimeligeuza swali hilo miaka hii yote. Nadhani nilijua.

Nilijidanganya kwamba ripoti ni barua ya kwenda upande mmoja. Inatoka Kisumu, inapanda ndege, inasomwa na watu wenye makoti mazito ambao hawatawahi kukutana na nyar Seme. Nao waliipenda. Mkurugenzi aliusoma ukurasa wa saba mbele ya wafanyakazi wote. Nilipigiwa makofi. Usiku ule ndipo nilipokuja na keki na nyama choma, na wewe ukaniuliza ni birthday ya nani.

Sasa sikiliza jinsi barua inavyorudi. Katoni tatu za ripoti zilibaki stoo. Wageni walipokaribia kuja tukaambiwa tusafishe. Watu walitaka kuzichoma, mimi nikaona ni hasara, karatasi nzuri nzito kama ile. Nikazipakia kwenye boda mwenyewe nikampelekea mama mmoja mzee anayeuza njugu Manyatta, kwa huruma. Akanibariki mimi na kizazi changu. Akaanza kuzichana, ukurasa kwa ukurasa, na kuzikunja vifuko vya njugu, na kwa kuwa alikuwa na jicho la biashara, majalada yenye rangi ndiyo aliyoyaanika mbele. Wiki nzima Manyatta ilikula njugu kutoka kwenye uso wa Mama Brayo.

Ijumaa wewe ukatoka shule na chako. Uliingia mbio. "Dad, ona! Mama Brayo amekuwa staa!" Kifuko chako kilikuwa cha karatasi mbili, jalada kwa nje na ukurasa wa saba kwa ndani. Ukazinyoosha kwa mkono, ukazipangusa chumvi, ukaziweka ndani ya kitabu cha hesabu zisikunjike, ili kesho yake umwonyeshe. Nilikuwa na usiku mzima wa kuzitoa ndani ya kile kitabu. Niliwaza kwamba yeye hasomi Kiingereza. Niliwaza kwamba utasahau.

Jumamosi alikuja, lakini hakuwa na karai. Akaketi ngazini, wewe ukakaa chini katikati ya magoti yake, mlango ukiwa wazi. Mimi nilikuwa sebuleni na gazeti. Alisuka mistari miwili kimya kimya, na wewe ndiwe uliyeanza kumtania, hajibu. Ndipo ukazitoa karatasi zako.

Akazishika. Kisha akasema, "Nisomee. Watu wananiangalia tu kwa njia wanacheka. Hakuna mtu ananisomea."

Ukamsomea. Ulisoma Kiingereza kwa kidole, kisha ukamweleza kwa Kiswahili, na ulisoma vizuri, hata koma uliziheshimu, kama nilivyokufundisha. Ukasema, "Hapa inasema Mary, hiyo si jina yake ya ukweli. Inasema kwa miaka mingi alilazimika kuuza mwili yake ndio apate samaki." Kisha ukainua kichwa ukamuuliza, "Mama Brayo, mtu anauza aje mwili na bado ako nayo?"

Nilisikia. Gazeti lilikuwa usoni pangu na nilisikia kila neno.

"Endelea kusoma," akakuambia.

Ukaendelea mpaka mwisho, pale mashua inapofika. Akauliza, "Mashua gani hiyo?" Wewe hukujua. Mimi nilijua, na nilikuwa hatua sita kutoka mlangoni, na sikuinuka.

Awuor, hapo ndipo penye hatia yangu, kuliko hata kwenye kuandika. Ningeweza kuinuka. Ningeweza kukwambia nenda ukacheze, nikaketi kwenye ngazi chini yake nikamwambia ni mimi, nisamehe. Badala yake niliacha mtoto wangu wa miaka tisa awe ndiye mdomo wa kumsomea mwanamke yule aibu niliyomtungia. Niliona haya mbele yako, nikakutumia wewe kujificha. Usijilaumu hata kidogo. Wewe ulikuwa unamsomea rafiki yako kitu ulichodhani ni sifa.

Hakukuacha na nusu kichwa. Alikusuka mistari yote, akafunga ncha, akakupapasa shingo akakuambia umependeza. Kisha akaja akasimama mlangoni. Mimi nikasema, "Karibu, Mama Brayo, bed piny." Ndiyo, nilikuwa na uso wa kusema hivyo. Hakuketi. Alinitazama, na hakukuwa na hasira machoni mwake, afadhali ingekuwepo.

"Baba Awuor," akasema, "mimi nilikupatia kiti."

Akaondoka. Hakuna aliyekusuka tena hapa nyumbani, tulikunyoa.

Ulipomuulizia nilikuambia amehamia Mbita. Uongo mwingine. Alihama Manyatta, hilo ni kweli, kwa sababu wanaume walianza kumwita "Mary" kwenye mfereji wa maji, na mwanamke mmoja akakataa kununua samaki wake akisema anajua walikotoka. Lakini hakwenda mbali. Yuko Mamboleo. Miaka yote hii yuko Mamboleo, karibu na njia panda, asubuhi chai na mandazi kwa watu wa boda, mchana samaki wa kukaanga. Nikisafiri kwenda Kakamega nakaa upande wa kulia wa gari ili nisione. Mara moja, mwaka wa kwanza, nilimtumia unga, sukari na mafuta kwa boda. Jamaa akarudi navyo vyote. "Amesema kwake kuna unga," akaniambia. Nikavipanga kabatini, na mama yako akapika ugali wa unga ule, nami nikaula.

Mama yako anajua. Nilimwambia baada ya mwezi mmoja, na tangu hapo haachi kunikumbusha. "Mficha uchi hazai, Baba Awuor. Mtoto ataisikia kwa mtu mwingine." Mimi nasema bado mdogo, kisha yuko kwa mitihani, kisha yuko chuo. Sasa una barua ya kazi.

Ulinitaka Jumatano nikufundishe kuandika ripoti ya mwaka, nikakujibu weka takwimu chache na picha nzuri, nikawasha redio. Lilikuwa jibu la mtu anayekimbia. Acha nijaribu tena.

Mwaka ule niliandika tumewafikia wanawake wengi ajabu. Nilikuwa nimehesabu sahihi za semina. Mama Brayo peke yake, kwa vile alivyopenda soda, alikuwa wanawake wanne. Usihesabu sahihi. Hesabu watu, na wakiwa wachache waandike hivyo hivyo wachache, na ueleze hao wachache walifanya nini kwa mikono yao wenyewe kabla hujasema ninyi mlifanya nini.

Na kinachokwama, kiandike. Wafadhili walisoma kwamba mashua inabadilisha maisha, wakafurahi, wakatoa ya pili, yenye injini ile ile ambayo spea zake hazipatikani Kisumu. Zikawa mbili zimepinduliwa ufuoni. Kama ningeandika mstari mmoja tu, kwamba injini imekufa na wanawake wanaomba friza, labda lile friza lingekuja. Lilikuwa kwenye daftari langu, limepigiwa mstari. Kila nikiona uongo wangu namwona mwanamke na samaki walioharibika saa tisa.

Kuhusu picha na habari za mtu, sina kanuni. Nina namna moja tu, na nimeipata kwa kuchelewa. Kabla haijaenda kwa mchapaji, nenda ukaketi na mwenyewe umsomee, kwa lugha yake. Wewe Kiturkana hukijui, kwa hiyo atafute mwenyewe mtu anayemwamini wa kumfasiria, asiwe dereva wa ofisi. Msomee yote, hata maelezo ya chini ya picha. Utafika kwenye sentensi ambayo sauti yako itataka kushuka, utataka kuiruka au kuisoma haraka haraka. Hiyo ifute. Usimuulize kama anakubali, maana aliyekukaribisha kwake ataona haya kukukatalia. Muulize ni nani asingependa aione. Halafu ikishachapwa, nakala za kwanza zirudi kwake, umsikie anavyosema, kabla hazijaenda popote.

Mkurugenzi wako atasema haina machozi. Sijui utamjibu nini. Mimi nilikuwa na mke, mtoto na kodi ya nyumba, nikanyamaza, na simlaumu mtu mwingine kwa hilo. Nakuomba tu siku hiyo ikifika umkumbuke aliyekusuka.

Sikukutolea ripoti begini. Nilitaka kuichoma, mkono ukaifikia, nikaona ningekuwa naficha tena. Ibebe kama unaitaka. Uitazame ile picha na ujue kwamba alikuwa anacheka kwa sababu nilikuwa nimemwambia soda iko njiani.

Najua utanionaje baada ya haya. Ulipokuwa mdogo uliwaambia wenzako kwamba baba yako anaandika vitabu. Nilikuacha uamini hivyo, ilikuwa inanipendeza. Siku hizi nachapa CV za watu pale dukani na sioni haya, maana kila mtu anakuja kunisimamia begani anasoma kabla sijachapisha. Ukinikasirikia, kasirika. Ila usiniandikie kwamba umenisamehe kabla hujafikiri, kwa kuwa wewe si wa kwanza kwenye foleni.

Barua hii mama yako atakupa kwenye steji. Magari ya Kitale, unakounganishia la Lodwar, hayaondoki mpaka yajae, kwa hiyo utakuwa na muda wa kuimaliza. Utaona mimi sipo. Usidhani nimekwepa kukuaga. Nitakuwa nimetoka mapema, kabla hamjaamka, kwenda Mamboleo.

Juzi niliuandika upya ule ukurasa wa saba, kwa Dholuo, lugha yetu, kwa mkono. Nimeandika mara moja. Nimeandika lori la sokoni na wenzake wanne, nimeandika barafu, nimeandika mashua na kuku. Nimeandika ni nani aliyeahidi kutosema akasema, na jina langu nimelitia chini, hilo ni jina halisi. Nitaomba nimsomee. Akitaka wateja wake wasikie, nitasoma kwa sauti. Akitaka niondoke nitaondoka, na nitarudi siku nyingine kusimama. Enzi zile nilikuwa naujua mwisho wa habari kabla sijatoka ofisini. Huu siujui, na ninaogopa, mama.

Gari lako litapita pale. Kaa upande wa kushoto. Utaona mwavuli wa kijani, na jiko, na benchi la wateja. Nitazame vizuri. Ukiniona nimesimama, basi bado hajaniambia niketi. Usimwambie dereva apunguze mwendo.

Baba yako,
Omondi